Nywele za Bulaimu

Serikali ilimfufua Bulaimu asubuhi moja tu. Alisimama mbele ya meza ya karani pale Kabambare, miguu imemvimba kwa safari ya kutoka Ziwa Tanganyika, akataja jina lake, la baba yake, na la kijiji chake kilicho kwenye njia ya Lusangi. Karani alifungua buku, akapitisha kidole, akakuta jina limepigwa mstari. "Huyu alikufa kwa vita," akasema. "Ni mie," akajibu Bulaimu. Karani alimtazama kutoka juu mpaka chini, akachovya kalamu, akaliandika jina upya chini ya ukurasa, maana aliye hai hulipa kodi na maiti halipi. Leta, serikali ya Wabelgiji, haikuhitaji ushahidi mwingine.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi.

Ukoo wake ulikuwa umemzika mwaka mmoja kabla. Mwili haukuwepo, lakini kwa watu wa ukoo huo mtu akifia mbali, mwenzake humkata nywele na kucha, akazifunga, akazileta, akazizika kwa mkono wake mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama wa marehemu. Mwalimu mmoja wa dini wa Kasongo alipata kuwaambia kwamba jambo hilo halimo kitabuni. Mzee Yakubu, mkubwa wa ukoo, alimjibu kwa adabu kwamba mama hawezi kulia hewani, anahitaji mahali pa kuinama. Mwalimu akala wali wake.

Aliyezileta nywele za Bulaimu alikuwa Sumaili. Wawili hao ndio waliochukuliwa pamoja kwenda upagazi wa vita vya Wazungu, wakafungiwa sanduku moja la risasi kwenye mti mmoja, Sumaili mbele, Bulaimu nyuma, tangu ukingo wa Tanganyika mpaka ng'ambo ya Tabora. Sumaili alirudi peke yake, amekonda, na kifurushi cha majani mkononi. Alizika, akalia na waliolia, kisha msimu ule wote akalima shamba la mpunga la Waridi, mke wa Bulaimu, kama inavyompasa aliyeleta nywele.

Sasa maiti imerudi kwa miguu yake mwenyewe, mwezi wa kumi, mvua zikianza. Mama yake, bibi Amisa, alianguka chini akazimia. Waridi alimshika uso kwa mikono miwili, akamtikisa kama anayetaka kuhakikisha kwamba kichwa kimeshikamana na shingo. Furaha ilidumu mpaka adhuhuri, mzee Yakubu alipofika na fimbo yake.

"Hatuwezi kuwa na mutu mumoja juu ya udongo na tena chini ya udongo," akasema. "Weye unajua desturi. Enda kwa ule aliyekuzika, umwite ndugu, umuombe akufukue. Nitaona zile vitu, utasema mbele yetu ni zako, tutazitupa mu mto. Imekwisha."

"Na kama siendi?"

"Basi weye ungali mufu. Mufu hatie mbegu mu udongo. Hatie mukono mu sahani ya watu. Na hapana lala na muke."

Neno lenyewe lilikuwa dogo: ndugu yangu, nifukue. Lakini Bulaimu aliapa mbele ya wote kwamba yeye hatamwita Sumaili ndugu, hata kama mpunga utaoza ghalani na yeye aoze pamoja nao.

Wiki sita zikapita. Bulaimu alilala katika kibanda cha kuwekea mpunga. Chakula aliwekewa chini juu ya jani la mgomba, mtoaji akarudi nyuma hatua tatu ndipo yeye akichukue. Vijana waliokuwa watoto alipoondoka walimpita wakimsalimu kwa kicheko: "Mufu yetu, habari ya kule?" Alijibu ni njema, maana angesema nini? Aliporuka mfereji akashika jembe kulima upande wa shamba lake, mzee Yakubu alikuja mpaka pale, akanyoosha mkono bila neno, na mbele ya wanawake wote waliokuwa wakikusanya magugu Bulaimu akalirudisha jembe kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, husema watu, na yeye aliijua huku anapumua.

Sumaili alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alifukuzwa kwa maneno, mara ya pili kwa kimya. Mara ya tatu alisema akiwa kizingitini, "Iko neno moja tu nataka kukwambia," na Bulaimu akaingia kibandani akaburuta mlango wa matete. Sumaili alisimama kidogo, kisha akaenda.

*

Siku ya soko la kule Wamaza, Waridi alirudi amebeba chumvi na habari mbaya. Aliweka jani la chakula chini, lakini hakurudi nyuma. Alikaa palepale, akiwa amempakata binti yao Hawa, aliyekuwa bado tumboni baba yake alipochukuliwa.

"Baba Hawa, wajomba yangu wamesema."

"Wamesema nini?"

"Wamesema mie si mujane, mie si muke. Niko kati. Wanasema kama mvua ya mbegu inapita na mambo haijatengenezwa, watakuja kunichukua, mie na mutoto. Iko siku kumi, labda kumi na mbili."

Bulaimu alimega bugali, akaacha tonge mkononi. "Na weye unataka kwenda?"

"Weye unaniuliza mie?" Waridi alikasirika ghafla. "Mie nilikaa eda yako! Nilinyoa kichwa! Nilikuwa nimeanza kusahau sauti yako, unarudi, nasema Mungu iko mukubwa, kumbe unarudi kukaa mu kibanda kama mupunga! Neno moja, Baba Hawa. Linakushinda nini?"

Kwa kuwa hakuwahi kumweleza mtu yeyote, Bulaimu alianza vibaya, akaacha, akaanza tena. Alisema tumbo la damu lilimshika siku nne baada ya kupita Tabora. Alisema Sumaili alimburuta mpaka kando ya njia, akamlaza penye majani. Hilo halikuwa kitu; njia nzima ilikuwa na watu waliolazwa kando, na waliowalaza waliendelea, kwa kuwa kapita, msimamizi wa wapagazi, alikuwa nyuma na kiboko. Yeye mwenyewe alishawahi kuruka mtu aliyekuwa akimwita kwa jina.

"Sikumukasirikia kwa kuniacha," akasema. "Lakini asubuhi nilifungua macho. Nikamuona amepiga magoti, na kisu. Alikuwa anakata nywele yangu. Mama Hawa, mie nilikuwa namuangalia, na yeye alikuwa ananiangalia. Alijua niko muzima. Akashika mukono yangu, akakata kucha, moja, moja, mpaka zote kumi. Kama mutu anayechuna kuku. Halafu akaenda. Mutu wa kwanza kuniua si Leta. Ni yeye."

Bulaimu alisimulia yaliyobaki kwa haraka, kwa sababu hayo hayakumuuma: mwanamke wa Kinyamwezi aliyekuja kuokota kuni, uji wake wa mtama, miezi aliyomchungia mbuzi kulipa fadhila, na njia ya kurudi. Yule mama hakumjua hata jina. Alimwita "wewe uliyebaki".

Hawa alichoka kukaa. Alishuka mapajani mwa mama yake, akatazama njia, akaona mtu anapita mbali na jembe begani. Akanyoosha kidole akaita kwa furaha, "Baba!"

Alikuwa Sumaili. Alimsikia mtoto, akainamisha kichwa, akaongeza mwendo.

Waridi alimfunika Hawa mdomo, lakini neno lilishatoka. "Hajui," akasema kwa sauti ndogo. "Alimuona kila siku mu shamba. Hakuna aliyemufundisha."

Bulaimu alilirudisha tonge la bugali juu ya jani. Siku hiyo hakula tena.

*

Bulaimu alikwenda kwa Sumaili siku ya tatu, saa za alasiri, njia ikiwa na matope. Alivaa kanzu ya marehemu baba yake kwa sababu hakutaka kwenda kuomba akiwa amevaa matambara. Njiani alilifanyia mazoezi lile neno, na kila mara lilikwama kwenye "ndugu".

Sumaili alikuwa ananoa jembe nje ya nyumba yake. Aliishi peke yake. Mkewe alimkimbia mwaka uliopita, akisema mume aliyerudi vitani halali wala hasemi. Alipomwona Bulaimu alisimama upesi, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta kwa kiganja. Bulaimu hakukaa.

"Nimekuja kwa ile neno," akasema.

"Usiseme bado." Sumaili aliinua kiganja. "Tafazali. Ukiisema mbele mie sijasema yangu, itakuwa zambi juu ya zambi. Nilikuja mara tatu kukwambia."

"Sema."

"Zile nywele si zako."

Bulaimu alifikiri hakusikia vizuri. Sumaili akakaa chini udongoni na kukiacha kigoda wazi, akasimulia akitazama jembe. Kifurushi cha nywele na kucha alikivaa shingoni miezi saba. Alikivaa vitani kule Mahenge, alikivaa aliporudi, alilala nacho. Walipofika ukingoni mwa Tanganyika kungoja meli, waliwekwa ndani ya uzio, wakavuliwa nguo, na kila walichokuwa nacho kikachomwa kwa sababu ya chawa. Alipiga kelele kwamba ile si nguo, ile ni mtu. Askari mmoja alicheka, akakikata kamba kwa ncha ya kisu, akakitupa motoni.

"Nikavuka bila kitu. Nikatembea mpaka ule mto mudogo, mbele ya kufika hapa. Nikakaa. Nikafikiri, nitamuambia mama Amisa nini? Nilimuacha mutoto yako mu njia, na hata nywele sina? Nikatoa kisu." Alinyoosha vidole vyake vinene, kama bado vinauma. "Nikakata zangu. Kila kitu mule ni yangu. Walinilia mie, Bulaimu. Mie nilisimama pale na jembe, mama yako anainama, analia, anabusu udongo, na chini iko kucha za Sumaili."

Kuku alipita kati yao akitafuta mchwa. Bulaimu alihisi kicheko kikimpanda kooni, na nyuma ya kicheko hasira ambayo hakuwahi kuijua, hata kule njiani. Wiki sita! Wiki sita za jani la mgomba, za vijana na kicheko chao, za mkewe kulala upande wa pili wa ukuta. Na hajazikwa. Hajawahi kuzikwa hata siku moja.

"Kwa nini hukumuambia Yakubu, nilipofika?"

"Niliogopa. Mutu aliyezika uongo nyuma ya nyumba ya mama, watamufukuza. Unajua. Nitakwenda wapi? Nikasema nitakwambia weye kwanza, na weye utafanya unavyotaka. Weye ukafunga mulango."

Hapo Bulaimu akakaa, si kwenye kigoda, bali kwenye jiwe la kunolea. Aliuliza lile alilolibeba tangu ng'ambo ya Tabora.

"Asubuhi ile. Ulijua niko muzima?"

"Nilijua."

"Na ulikata."

"Kapita alikuwa anahesabu watu. Nilisema mu roho yangu, kama nangoja afe, nitachapwa na nitaondoka bila kitu. Kama nakata sasa, hata akifia hapa fisi wakimukula, mama yake atakuwa na kidogo. Nilikwambia, hukusikia? Nilikuwa nasema, 'Nisamehe, nisamehe,' kila kucha."

"Nilisikia kisu tu," akasema Bulaimu.

Mficha uchi hazai, na Sumaili alikuwa ameuficha wake mpaka ukamla mwilini. Hilo Bulaimu aliliona kwa macho, mashavu yamebonyea, nywele kichwani zimeota mvi na umri wake bado. Lakini kuona si kusamehe. Alisimama, akakung'uta kanzu.

"Kesho asubuhi uje na jembe," akasema. Lile neno la ndugu hakulisema, wala Sumaili hakuthubutu kumkumbusha.

*

Waridi alisikiliza yote akiwa amesimama na mchi mkononi, mpunga nusu umetwangwa. Alipoelewa, alikaa kwenye ukingo wa kinu.

"Basi weye uko muzima," akasema. "Hakuna cha kufukua. Mwambie Yakubu leo! Leo hii unalala ndani!"

"Ndiyo."

"Na yeye?"

"Yeye atakwenda zake. Aende mu Kasongo, aende kwa Wazungu, aende popote."

Alilitamka neno "popote" kwa utamu, na nani atamlaumu? Kwa mara ya kwanza tangu arudi, fimbo ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kwenda kwa mzee Yakubu sasa hivi, kabla jua halijashuka, akajivua umaiti kwa maneno kumi bila kumwomba mtu yeyote kitu. Alikwisha kugeuka kuelekea njia.

Nyuma ya nyumba, bibi Amisa alikuwa amechuchumaa pale penye kilima kidogo cha udongo, aking'oa majani yaliyoota kwa mvua. Mwanawe alikuwa hai, anakula, anakohoa, anatembea uani, na bado bibi aling'oa majani pale kila Ijumaa. Mazoea, labda. Au hakuamini bado.

"Mama, acha. Mie niko hapa."

"Najua uko hapa." Hakuinua kichwa. "Lakini mwaka muzima weye ulikuwa hapa. Nilikuwa nakuja nakwambia mambo. Nilikwambia Hawa ametoka meno. Nilikwambia sina usingizi. Ulikuwa unanisikia, mutoto yangu. Kila siku nilijua unanisikia." Akaupapasa udongo kwa kiganja. "Bila ule mutoto Sumaili ningekufa."

Bulaimu alisimama nyuma yake. Hakwenda kwa Yakubu siku hiyo.

*

Asubuhi walikusanyika nyuma ya nyumba: mzee Yakubu na wazee wawili, Waridi na Hawa mgongoni, bibi Amisa, na Sumaili aliyesimama mbali na jembe kama mtu aliyeletwa na polisi. Alikuwa amefunga kiunoni kitambaa cha safari chenye vitu vyake vichache. Alijua kitakachotokea, akaja hata hivyo.

"Umemuita ndugu?" Yakubu akamuuliza Bulaimu.

Watu wakangoja. Bulaimu alimtazama Sumaili, akakitazama kitambaa cha safari, na neno likatoka bovu, limepinda, kama msumari uliong'olewa. "Ndugu yangu," akasema, "nifukue."

Sumaili alichimba. Hapakuwa na kina. Majani yalikuwa yameoza, lakini kitambaa cha ndani kilikuwa kimeshika, na ndani yake kulikuwa na kishungi cha nywele nyekundu kwa udongo na vipande vya kucha, vipana, vinene, vya mtu mwenye mikono mikubwa. Yakubu aliviweka kiganjani akavisogeza kwa kidole. Akaitazama mikono ya Bulaimu, iliyo myembamba kama ya mama yake. Akarudi kutazama kucha. Mzee hakuwa mjinga.

"Bulaimu," akasema polepole. "Mbele ya mama yako na mbele ya ukoo. Hizi ni zako?"

Sumaili aliangusha jembe. Bibi Amisa alikuwa amesogea, akinyoosha shingo avione vile alivyovilia mwaka mzima, na mkono wake ukavigusa kwa upole, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

"Ni zangu," akasema Bulaimu.

"Kucha zako zilikuwa kubwa hivi?"

"Mzee, umepata kubeba sanduku ya risasi?"

"Bado."

"Ubebe kwanza. Ukirudi tutapima zako."

Mzee mmoja alicheka, kisha wa pili, na Yakubu mwenyewe akatikisa kichwa, akafunga kile kitambaa bila kuuliza tena. Wakateremka wote mpaka mtoni, vitu vikatupwa, maji ya mvua yakavichukua. Bibi Amisa alilia, halafu akamshika mwanawe mkono na hakuuachia njia nzima ya kurudi, kwa hiyo Bulaimu alipanda mlima akiwa amepinda upande mmoja.

Sumaili alibaki nyuma. Aliwafikia penye njia panda, mahali ambapo wengine walikuwa wamekwisha tangulia, na Bulaimu akamwambia mama yake aende na Waridi, yeye anakuja.

"Kwa nini?" Sumaili aliuliza. Machozi yalimshuka, naye hakujali. "Ungesema tu ukweli. Ningekwenda."

"Sijui."

"Umenisamehe?"

Bulaimu alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayejikagua mwili baada ya kuanguka, aone pameumia wapi na wapi pazima.

"Ile ya nywele, ndiyo," akasema mwishowe. "Ile ya kisu, bado. Nikifunga macho bado naisikia." Alitazama mawingu upande wa Lusangi, meusi, yamejaa. "Fungua ile kitambaa ya safari. Leta mbegu kesho asubuhi, tupande pamoja. Nyuma ya hapo tutaona."